Muuguzi Anapouliza Habari za Mbuzi

(Maneno aliyowaambia wanavikundi muuguzi mmoja, Masalani)

 

Wengi wenu huniuliza, "Sista, mbona tukileta mgonjwa unaanza maswali? Mtu ana homa, si umchome sindano tu?" Haya, leo nitajibu.

Homa ni neno moja, magonjwa ni mengi. Mnakumbuka mvua ya El Niño mwishoni mwa 1997, na ile ya mwisho wa 2006. Maji yalijaa, mbu wakazidi, mbuzi na kondoo wakatupa mimba, kisha watu wakaanza kuugua. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Desemba 2006 taarifa za vifo zilitoka hapa kwetu Garissa, na kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa.

Sasa, siku za kwanza homa hii inafanana sana na malaria. Mwili moto, kichwa, mgongo, viungo. Wengi hupona wenyewe. Lakini kwa wachache, baada ya siku mbili hadi nne, macho yanakuwa ya manjano na damu inaanza kutoka.

Nitawaambia kosa langu. Wakati wa mvua ile ya 2006 nilikuwa muuguzi mpya katika kituo kimoja. Kijana mchungaji aliletwa na mama yake. Mama akasema mbuzi wao wametupa mimba karibu wote. Mimi nikaona ni mazungumzo tu! Nikaandika malaria, nikampa vidonge, wakaenda. Siku ya pili walirudi, fizi zinatoka damu. Alipona, lakini si kwa ujanja wangu. Mama alikuwa amenipa jibu, nami sikulisikia.

Kwa hiyo siku hizi nauliza. Nani amechinja? Nani amemzalisha kondoo? Mmekunywa maziwa mabichi? Kisha natazama macho na fizi, nashika mshipa wa mkono, nahesabu pumzi, nauliza rangi ya choo na mkojo. Hata kipimo kikionyesha malaria bado nauliza, maana mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili pamoja. Homa hii haina dawa yake maalum. Tunamsaidia mgonjwa kwa maji na, ikibidi, damu, na hiyo yataka afike mapema.

Kikundi chenu kina daftari la michango, si ndiyo? Tengeni kurasa za wagonjwa. Andikeni homa ilianza siku gani, amepewa dawa gani nyumbani, mifugo ina hali gani. Msimpe asprini, inaweza kuzidisha kutoka damu. Na mbuzi wakitupa mimba, msishike kwa mikono mitupu, msichinje mgonjwa, mwambieni afisa wa mifugo.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono. Karibu, mama.