Mpira wa Masikio

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Nawe uliyekosa kusikiliza, na sasa unasoma maneno haya katika karatasi, soma polepole. Usione haya kusoma kwa sauti, maana somo la leo lote ni la sauti.

Leo tutazungumza juu ya mchezo wa mpira wa miguu unaochezwa na watu wasioona. Nasikia kama mtu huko Pangani anaguna: "Asiyeona atachezaje mpira?" Ngoja, ndugu yangu. Kwanza nijibu wewe swali langu. Siku Coastal Union wanapocheza ugenini, nawe umekaa barazani kwako Chumbageni na redio yako, je, mpira unauona? Huuoni. Lakini unajua nani anao, unajua umefika wapi, na goli likiingia unaruka. Nani amekuonyesha? Ni mtangazaji, kwa maneno yake, na kelele za watu walio nyuma yake. Basi siku hiyo umeutazama mpira kwa masikio. Asiyeona naye hufanya vivyo hivyo, ila yeye yumo uwanjani, na mpira uko miguuni pake.

Tuanze na mpira wenyewe. Mpira wa kawaida ukiviringika hausikiki, kwa hiyo huu umetiwa manyanga. Mwalimu wa darasa, tafadhali liandike ubaoni neno hilo: MA-NYA-NGA. Mnayajua manyanga ya ngomani. Ni kibuyu chenye mbegu ndani, kikitikiswa kinalia. Katika mpira huu, kati ya ngozi ya nje na kibofu cha upepo, kuna vikopo vidogo vyenye gololi za chuma. Ukiviringika unalia. Mzunguko wake ni sentimita 60 hadi 62, na uzito wake ni gramu 510 hadi 540. Yaani ni mdogo kuliko mpira mnaouona Mkwakwani, lakini ni mzito zaidi. Mpira mzito haudundi sana, hukaa karibu na ardhi, na masikio huweza kuufuata.

Una kasoro moja: ukisimama, unanyamaza. Ndiyo sababu mchezaji hodari hauachi utulie. Huusukuma kwa mguu wa kulia, akaupokea kwa wa kushoto, tena na tena, huku anakimbia. Kumnyang'anya mtu wa namna hiyo si kazi ndogo. Wako mafundi waliotengeneza mipira ya betri, inayolia hata ikiwa imetulia. Ni vizuri kwa kuwafundishia wanaoanza. Lakini mimi naona betri huisha, na chombo cha umeme hakipendi kupigwa mateke. Gololi hazidai chaji.

Uwanja ni mdogo, urefu kiasi cha mita 40 na upana mita 20. Kila timu ina watu 5. Wanne hawaoni, na golikipa anaona. Wale wanne hufunikwa macho, maana katika watu tunaowaita wasioona wamo wanaoona mwanga kidogo, na mchezo lazima uwe sawa kwa wote. Katika zile pande mbili ndefu husimamishwa ukuta wa mbao, urefu wake mita moja na kidogo. Mpira hautoki ovyo, na mchezaji akiugusa ukuta kwa mkono anajua yuko wapi.

Sasa sikilizeni neno lenyewe nililotaka kuwaambia. Chombo kikubwa cha mchezo huu hakiuzwi dukani. Ni sauti ya mtu anayeona.

Uwanja umegawanywa mafungu matatu. Mpira ukiwa karibu na goli letu, golikipa ndiye anayesema. Ukifika katikati, kocha anasema kutoka pembeni. Ukikaribia goli la wenzetu, yuko kiongozi nyuma ya goli hilo, naye humwongoza mshambuliaji. Wote wakisema pamoja, mchezaji hatasikia lolote. Sasa mtu huyo nyuma ya goli aseme nini? Jaribu wewe. Wengi wetu tungepiga kelele: "Hapo! Pale! Upande huo!" Maneno hayo ni ya macho. "Pale" ni wapi, kwa mtu asiyekiona kidole chako? Kiongozi mzuri husema: "Mbele mita sita. Beki kushoto. Piga!" Maneno machache, kila moja na kazi yake. Mtu aliyezoea kuongoza hivyo hujifunza kupima umbali na kutofautisha kulia na kushoto bila kubabaika, na hilo si dogo. Tuko wengi tunaomwelekeza mgeni njia kwa kunyoosha mdomo.

Wachezaji nao wanalo neno lao. Anayekwenda kumnyang'anya mwenzake mpira lazima aseme "voy", au neno jingine la namna hiyo. "Voy" ni Kihispania, maana yake "naenda". Watoto wa Tanga wakijizoeza wanaweza kusema "naja!" Asiyesema, refa humpigia filimbi, kwa sababu anayenyamaza ndiye anayesababisha vichwa kugongana. Na kabla ya penalti, kiongozi hugonga nguzo za goli kwa kipande cha chuma, hii kisha ile, ngo, ngo, ili mpigaji alijue goli kwa upana wake.

Na watazamaji? Wanatakiwa wanyamaze. Wanashangilia goli likiingia, kisha kimya tena. Hebu fikirini Wagosi wa Kaya wote wamejaa Mkwakwani, na hakuna anayekohoa!

Kocha hufundisha kwa kugusa. Humwacha mchezaji aushike mguu wake, ausikie unavyopinda wakati wa kupiga. Tena huwa na ubao wa kugusa. Nanyi mnaweza kuutengeneza kwa kamba zilizogundishwa kuwa mistari na vizibo vya soda kuwa wachezaji. Mtu hupitisha vidole juu yake, akajua mahali pake, kama wewe unavyopitisha kidole chini ya mstari unaposoma.

Mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu huko Athens mwaka 2004. Brazili walishinda mara tano mfululizo, mpaka mwaka 2024 huko Paris, Ufaransa walipoifunga Ajentina kwa penalti. Afrika nayo imo. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Moroko walipata medali ya shaba.

Kwetu mkoa wa Tanga wako watoto wasioona wanaosoma shuleni, kama wale wa shule ya Irente, Lushoto. Lakini wako pia walioko nyumbani, katika mitaa na vijiji vyetu. Wenzao wakitoka kucheza chandimu, yeye huambiwa, "Kaa hapa chini ya mwembe, usije ukaumia." Anayesema hivyo ana huruma. Lakini mtoto anayekaa chini ya mwembe miaka kumi hajifunzi kuifuata sauti, hajifunzi kuanguka na kuinuka, wala hajifunzi kukimbia bila hofu. Naye ameumia, ila jeraha halionekani.

Huna haja ya kungoja mpira kutoka Ulaya. Huko Brazili watoto wasioona walikuwa wakifunga mpira katika mfuko wa plastiki ili usikike. Sisi mifuko ya kubebea ya plastiki imekatazwa tangu Juni 2019, basi tufanye hivi. Chukua kichupa kidogo cha dawa cha plastiki, safi, utie kokoto ndogo, ukifunge vizuri. Kizungushie matambara manene pande zote, kisiumize mguu, kisha kaza kwa kamba kama chandimu ya siku zote. Utikise. Usiposikia kitu, punguza matambara.

Mahali pa kuchezea pachagueni kwa masikio. Ufukweni Raskazone ni pazuri, lakini mawimbi na upepo wa kusi vitameza sauti ya mpira. Kando ya barabara pikipiki zitafanya hivyo hivyo. Majani marefu huufanya mpira uwe bubu. Uwanja wa shule ulio mgumu na tambarare unafaa, na mmoja wenu atembee kwanza kuondoa mawe na vigingi.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Tengenezeni mpira huo. Kama katika mtaa wenu yuko asiyeona, mtoto au mtu mzima, mwalikeni, maana yeye atawafundisha kusikiliza. Mmoja wenu afungwe kitambaa machoni, mwingine amwongoze kwa maneno tu mpaka aupige mpira kati ya viti viwili. Kisha andikeni katika madaftari maneno matatu ya kiongozi yaliyosaidia, na matatu yaliyompoteza mchezaji. Yaleteni darasani siku ya somo lijalo, tuyasome.