Kata Chuma kwa Hesabu, Upunguze Mabaki

Hotuba kwa mafundi wa vyuma na vijana wa karakana, Kotile



Nataka tuzungumze kuhusu vile vipande vinavyorundikana nyuma ya karakana na mwishowe kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kila kimoja ulikinunua kwa bei ya chuma kipya, ukalipa na usafiri. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 2023 yalipokata barabara, kila mtu aliona thamani ya kile kilichokuwa tayari dukani.

Chukueni kazi moja. Paipu ya mraba huja na mita 6, yaani sentimita 600. Mteja anataka vipande 12 vya sentimita 220 na 12 vya 155. Wengi hukata aina moja kwanza: paipu 6 kwa virefu, kisha 4 kwa vifupi. Jumla 10. Lakini kila paipu ya virefu imebakisha sentimita 160! Hapo kipande cha 155 kinatoka, na diski ya grenda inapata haki yake. Paipu 6 zinatoa virefu vyote na vifupi 6. Vifupi vingine 6 vinatoka kwenye paipu 2. Jumla 8. Kama ni madawati ya shule, hizo paipu 2 ni pesa za wazazi na za umma.

Vipimo viwili, kalamu inatosha. Vikiwa 15 na vipande mamia, njia za kuvipanga ni nyingi mno hata kwa kompyuta kuzijaribu zote. Ndipo wataalamu wakaiga viumbe. Mwaka 1975, John Holland wa Marekani alichapisha kitabu kuhusu mbinu ambayo mfugaji wa hapa hahitaji kufundishwa. Kompyuta inatunga mipango mingi ya kukata, hata ya ovyo, na kupima mabaki ya kila mmoja. Mibaya inaachwa, kama dume dhaifu asivyoachiwa kupanda. Mizuri inachanganywa izae mingine, kizazi baada ya kizazi, na mabaki yanazidi kupungua.

Mwaka 1992, Marco Dorigo, huko Milan, Italia, aliiga sisimizi: njia fupi hupitwa mara nyingi, harufu yake ikakolea, na wengine wakaifuata. Kwenye ukataji, mpango wenye mabaki machache ndio unaopewa harufu zaidi. Mimi naona mfano wa mifugo unaeleweka haraka zaidi kwetu.

Mbinu hizi haziahidi mpango bora kuliko yote. Hutoa mzuri kwa muda mfupi. Tena kompyuta haioni kutu kwenye ncha ya paipu. Hilo ni jicho la fundi.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha grenda, andika vipimo vyote vya kazi nzima. Panga virefu kwanza, halafu tafuta kifupi kinachoingia kwenye baki. Mwenye orodha ya kazi aliyo nayo sasa aje nayo hapa mbele, tuipange pamoja kabla ya swala ya adhuhuri.