Paa Limekwisha, Vitanda Bado
Maneno ya Kamati ya Elimu na Vijana kabla ya harambee

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu wa Usangi na Ugweno mnaoishi hapa Dar es Salaam na ninyi mliotoka mbali zaidi kuja kukaa nasi,

Kwa kawaida msemaji wa saa hii kazi yake ni kuwachangamsha ili mifuko ifunguke. Tutajaribu. Lakini tukianza na uchangamfu kabla ya kuwaeleza habari ya bweni, tutakuwa tumewadanganya.

Bweni mnalikumbuka, kwa sababu mlilichangia. Mlitoa mabati, saruji na nondo. Nyumbani wakatoka kwa msaragambo, vijana kwa wazee, wakapandisha mawe na mchanga kwa kichwa pale lori lisipofika. Jengo likasimama, likapakwa rangi, utepe ukakatwa, na picha yake ikawekwa kwenye jalada la kijitabu chetu. Siku ile ya uzinduzi hapakuwa na kitanda hata kimoja ndani. Hapakuwa na tanki la maji. Fedha zote ziliishia kwenye paa na rangi, nasi tukajiambia kuwa vitanda ni jambo dogo, vitakuja. Ukapita muhula, ukapita mwingine, mlango una kufuli.

Wasichana wanaotoka vijiji vya mbali wakaendelea kupanga vyumba karibu na shule, yale wanayoyaita mageto, wawili watatu katika chumba kimoja, wanajipikia, hakuna mtu mzima wa kuwatazama. Mmoja wao alipata ujauzito akiwa kidato cha tatu, akaacha shule. Hatutasema zaidi juu yake, maana mlimani kwetu kila mtu anamjua kila mtu. Tunasema tu kwamba chumba alichopanga kilikuwa hatua chache kutoka kwenye bweni lile, na kwamba kosa ni la kamati hii. Si la mwalimu, si la mzazi. Tangu Novemba 2021 Serikali inamruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu hiyo kurudi darasani, na huyu anataka kurudi. Anahitaji sare, chakula cha mchana, na mtu wa kubaki na mtoto.

Kwa hiyo safari hii hatuna mchoro wa jengo la kuwaonyesha. Tunaomba fedha za vitu ambavyo havipigwi picha.

Wapo ndugu wanaotuuliza, tena kwa haki: elimu si bila ada siku hizi, mnachangisha nini? Ni kweli, na ni jambo kubwa. Tangu Januari 2016 mtoto hatozwi ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 Serikali ikafuta ada ya kidato cha tano na cha sita. Shule hupelekewa ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Anayefika chuo kikuu ana Bodi ya Mikopo. Lakini ada haikuwa gharama pekee. Sare, viatu, madaftari, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Mzazi mwenye kazi hilo halimsumbui. Kwa bibi anayelea wajukuu watatu kwa migomba na mbuzi wawili, hapo ndipo shule inapokatikia.

Chukueni chakula. Mtoto wetu anaondoka nyumbani kabla jua halijatoka, anashuka bonde, anapanda bonde, anafika shuleni amekwishafanya kazi ya siku. Penye sufuria ya makande saa saba anasoma hadi jioni. Pasipo na sufuria, baada ya saa sita mwalimu anafundisha madawati. Ninyi mnajua makande hayana gharama za ajabu: ni mahindi, maharage, chumvi, kuni na mpishi. Wazazi wengi wanaleta debe lao. Tatizo ni watoto ambao debe lao haliji. Wenzao wakipanga foleni, wao wanazunguka nyuma ya darasa wajifanye wanasoma. Tunataka mfuko ulipe madebe ya watoto hao, kimya kimya, bila orodha kubandikwa ukutani, na bila mtoto kuitwa jina tofauti kwenye foleni.

Halafu kuna kidato cha tano. Mtoto amefaulu, kijiji kimefurahi, amepangiwa shule mkoa mwingine, labda Ruvuma, labda Kagera. Inakuja fomu ya maelekezo ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, fyekeo au jembe, rimu ya karatasi, sare za aina mbili, na nauli ya basi ambayo haiandikwi kwenye fomu. Ada hakuna, lakini ukijumlisha ile karatasi mzazi anaikunja na kuiweka chini ya mto. Tumewaona waliofaulu wakaripoti wiki za mwisho kabisa, na tumewaona ambao hawakuripoti. Mkopo wa chuo kikuu unawasubiri mbele, ila daraja la kufikia huko limevunjika kwa godoro. Hapa mchango mdogo hufanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote tunapopajua, nasi tungependa fedha za kwanza ziende huko.

La tatu ni gumu zaidi kwetu, kwa sababu sisi tunapenda vyeti. Kila mwaka tumekuwa tukiwapa zawadi waliopata daraja la kwanza. Tunawapigia makofi, tunawapa bahasha. Hatujawahi kumwita mbele aliyepata daraja la nne au sifuri tukamuuliza anataka kufanya nini na maisha yake. Na hao ndio wengi, na ndio tunaowakuta Desemba wamekaa kwenye kona barabara ya Kikweni, kisha tunarudi Dar es Salaam tukisema vijana wa nyumbani wamekuwa wavivu. Tumezungumza nao. Yupo aliyesomea umeme wa majumbani akamaliza, akarudi na cheti, na tangu amerudi hajafunga hata taa moja kwa sababu hana koleo, hana tesa, hana ngazi. Yupo binti anayeshona vizuri kwa cherehani ya kuazima, siku mwenyewe akiihitaji kazi inalala.

Tunapendekeza hivi: mfuko ununue vifaa na kuwakopesha vijana vifaa, si fedha taslimu. Wanalipa kidogo kidogo, deni likiisha kifaa ni chake, na marejesho yanamnunulia mwingine. Wale waliojifunza ufundi gereji au kwenye saiti bila kusoma chuo, tuwalipie gharama za kupimwa na VETA, kwa kuwa VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na cheti hicho kinamfungulia mtu mlango wa kuajiriwa. Pia ipo mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Vijana wetu wanaikosa kwa sababu ya makaratasi: kusajili kikundi, kuandika katiba, kufungua akaunti, kuandika andiko la mradi. Humu ukumbini wamo wahasibu, wanasheria na maafisa wastaafu wasiohesabika. Hao tunaomba watupe Jumamosi 2 au 3 watakapopanda nyumbani. Mchango huo hauna risiti lakini tutauandika.

Sasa fedha zenyewe. Kwa miaka mingi tumetegemea usiku mmoja kama huu. Ahadi zinatolewa kwa sauti, tunashangilia, na ikifika Machi mhazini anapiga simu hazipokelewi. Hatumlaumu mtu, ukumbini kuna joto na muziki, na nyumbani kuna kodi ya nyumba. Ila makande hayapikwi kwa ahadi. Wazee wetu walipochimba ndiva hawakungoja mto mkubwa. Walichukua kijito chembamba, wakakiacha kijaze usiku kucha, asubuhi wakafungua maji kwa zamu, na siku ya msaragambo kila mwenye shamba akaja kusafisha mfereji. Tukipata watu 200 wanaotoa shilingi 5,000 kila mwezi, ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi na 12,000,000 kwa mwaka, na mwalimu mkuu anajua mwezi wa 8 kutakuwa na maharage. Anayeweza zaidi atoe zaidi. Lakini hatutamkadiria mtu. Mwaka 1945 wazee wetu kwa maelfu walishuka Same kukataa mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mmoja, na kamati hii haina hamu ya kuona mkiandamana tena.

Watani wetu husema shilingi ya Mpare haitoki mfukoni mpaka ielezwe inakwenda wapi. Vizuri, tuufanye utani huo kuwa kanuni. Fedha hazitapitia mkononi mwa mtoto wala mjumbe: zitalipwa shuleni au dukani, na risiti itabaki kwenye jalada. Akaunti ina watia saini 3, mmoja lazima awe anaishi nyumbani. Kila miezi 3 hesabu zitasomwa huko huko, kanisani na msikitini, siyo Dar es Salaam peke yake. Majina ya wanaohitaji yatatoka kwa walimu na serikali ya kijiji, na jina la ndugu wa mjumbe likitajwa mjumbe huyo anatoka nje. Kwa jinsi tulivyooana mlimani kwetu, kuna siku tutabaki wawili mezani. Tutaendelea hivyo hivyo wawili.

Mjadala ulikuwepo ndani ya kamati, na si haki kuuficha. Baadhi yetu waliona kuwa bila jengo la kuonyesha, watu hawatatoa. Walisema mchangiaji anataka jina lake ukutani. Huenda wako sahihi. Tutajua leo usiku. Tumekubaliana tu kwamba hatutajenga ukuta mwingine kabla bweni lile halijalala watu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni vitanda na tanki. Fundi wa kuchomelea vitanda ni kijana wa nyumbani, tumekwishaongea naye bei, na anaanza akipata chuma. Tunataka kufuli litoke Januari shule zikifunguliwa. Matroni amepatikana, mama mtu mzima ambaye wengi mnamjua, naye ameuliza swali moja tu, kama mshahara wake utakuwa wa kila mwezi au wa siku ya harambee. Hatukumjibu. Tulimwambia tutamletea jibu kutoka kwenu.

Fomu za mchango wa kila mwezi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Mhazini amekaa karibu na mlango akiwa na kitabu cha risiti, na kalamu zipo.