KITAMBULISHO PEKE YAKE HAKITOSHI
(Maneno kwa vijana wanaoanza kazi)

Ndugu vijana, wasichana kwa wavulana,

Wengi wenu tumewaona mkikua katika mitaa yetu ya Kaloleni, Bahati, Jericho na Makadara. Juzi mlikuwa mkicheza mpira. Leo mnasimama pamoja nasi alfajiri mbele ya milango ya viwanda vya Industrial Area. Kwa hivyo twataka kusema nanyi kama watu wazima.

Zamani utu uzima ulikuwa na alama zake. Huko mashambani wazee ndio waliosema nani ametoka utotoni, nao walimfunza wajibu wake. Mjini Serikali ya kikoloni ilikuwa na alama nyingine. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa kipande ndani ya kikebe cha chuma, akakivaa shingoni. Humo tajiri aliandika siku ya kuajiriwa, mshahara, na siku ya kuachishwa. Huo ndio utu uzima waliopewa babu zenu: umri wa kutumikishwa bila kuwa na sauti. Watu walikipinga kipande miaka mingi, hata kikaondolewa kwa sheria ya 1947.

Siku hizi mtu hupata kitambulisho akitimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume. Ni jambo jema. Lakini kadi yaonyesha umri tu. Yaliyobaki ni juu yenu. Basi shikeni mambo matatu.

Kwanza, ijueni sheria. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku, wala haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukifanya kazi mfululizo hata siku zako zikafika mwezi mmoja, sheria yakuhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni juu ya mwajiri. Wako matajiri wanaowaachisha vibarua kabla mwezi haujatimia, kisha wakawaita tena baada ya siku chache. Kwa hivyo andika katika daftari lako kila siku uliyofanya kazi na kila shilingi uliyopokea. Siku ya shauri, daftari hilo litakuwa shahidi wako.

Pili, lindaneni. Msimamizi akimtaka msichana mwili wake ndipo ampe kazi, avunja sheria. Mwajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi hulazimika kutoa taarifa ya maandishi ya kukataza jambo hilo. Dada, usinyamaze, mwambie mwakilishi wa chama. Nanyi wavulana, mkiona mkanyamaza kwa kuogopa kukosa kibarua, bado hamjawa wanaume.

Tatu, mshahara. Mtoto wa kwanza akipata kazi, nyumba nzima humtazama: kodi, karo ya wadogo, dawa ya mama. Kusaidia ni wajibu, wala hatuwaambii mwache. Lakini mwezi wa kwanza kaeni na wazazi, waonyesheni karatasi ya mshahara, mpatane ni kiasi gani kitakwenda nyumbani na kiasi gani mtabaki nacho. Anayeficha mshahara hujiletea ugomvi. Anayeutoa wote hukopa nauli kabla ya tarehe 10.

Wala msiseme kwamba chama ni mambo ya wazee. Marehemu Bwana Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi. Mwaka 1953, aliposhika ukatibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kenya, alikuwa na miaka 23 tu.

Ndugu vijana, babu zenu walivishwa kipande bila kuulizwa. Nyinyi Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yawapa haki ya kuingia katika chama na ya kugoma. Haki isiyotumika haimsaidii mtu. Karatasi za kujiandikisha ziko kwa wawakilishi wa chama. Njooni mtie sahihi zenu wenyewe.

Umoja ni nguvu.