Tutunze Minyaa, Tulinde Macho

Ndugu wanakisomo, hapa Singida boma bila minyaa ni kama nyumba bila mlango. Mnyaa huvumilia kiangazi.

Tukate matawi marefu kiasi cha mkono, tuyaweke kivulini siku chache mpaka maziwa yakauke. Tupande mvua zinapoanza, tawi moja kila futi moja. Tusimwagilie kila siku, maana maji mengi huozesha.

Lakini maziwa yake ni hatari! Yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Basi tusikate huku watoto wamesimama chini. Mtu akirukiwa, tumwoshe jicho papo hapo kwa maji mengi safi, kisha tumpeleke zahanati. Tusingoje kesho.

Je, kwenu nani hukata minyaa? Msomeeni maneno haya leo jioni.