Mkono Ukivunjika, Tazama Kiganja



Mtu akianguka na bodaboda akavunjika mkono juu ya kiwiko, kila mtu hutazama mfupa. Mtazameni kiganja pia.

Neva za mkono hutoka shingoni zikiwa na mizizi 5, zikapita chini ya mtulinga hadi kwapani, na hapo hugawanyika. Moja huendesha msuli wa begani, nyingine hukunja kiwiko. Neva ya radiali huuzunguka mfupa kwa nyuma, ikiwa imelala juu yake. Mfupa ukivunjika katikati, neva hii huweza kubanwa au kuvutwa. Kiganja huning'inia, mgonjwa hawezi kukiinua wala kunyoosha vidole. (Mlevi aliyelala mkono ukiwa juu ya mgongo wa kiti huweza kuamka hivyo hivyo.)

Mwambieni mhudumu wa afya kabla hajafunga plasta. Wengi hupona bila upasuaji, ingawa huchukua miezi, mradi kifundo cha mkono kitegemezwe na vidole vifanyiwe mazoezi. Lakini mkono huo ukikandwa na kuvutwa nyumbani, neva iliyobanwa tu yaweza kuumia zaidi. Uning'inizeni shingoni kwa leso, mgonjwa afike hospitalini siku hiyo hiyo.