Kusoma ni Kuelewa



Tunapochangia vitabu kwa shule za msingi za Tarime na Serengeti, yatupasa kujiuliza: je, mtoto amefaidika? Kuhesabu vitabu hakutoshi. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na baadaye kufika mkoani Mara, unatuonyesha njia. Katika mikoa ya mwanzo, watathmini waliwapima wanafunzi mwaka 2014, 2016 na 2018, katika shule za mpango na katika shule zisizo ndani yake. Sababu ni wazi: mtoto husonga mbele hata bila msaada wetu, ulinganisho ndio unaoonyesha tulichoongeza.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Watoto wengi huzungumza Kikuria, Kingoreme au Kiikoma nyumbani. Mtoto aweza kutamka kila neno la Kiswahili asielewe habari. Tukihesabu tu maneno anayosoma kwa dakika, tutamwita msomaji, naye ataachwa nyuma kimyakimya.

Basi tuwaombe walimu wawapime watoto kabla ya vitabu kufika, na tena baada ya mwaka, wakimuuliza kila mmoja: umesoma habari gani? Jibu lake ndilo stakabadhi ya mchango wetu.